Magritte hakupewa umaarufu na msiba wa mama yake

Dada yetu mmoja wa Mwanza ameniuliza swali refu kidogo, nalifupisha ili na wengine walielewe. Anasema mchana anaandika mabango ya saluni na maduka ya dawa, usiku anachora picha zake mwenyewe, picha za ajabu ajabu anavyoziita, samaki wamekaa kwenye siti za daladala, nyumba inaota mizizi. Ana miaka 36 na ameuza mbili tu. Amesoma mahali kwamba yule mchoraji wa Ubelgiji, René Magritte, yule wa mtu mwenye kofia nyeusi na tufaha usoni, alikuwa mkubwa kwa sababu mama yake alijiua kwa kujitupa mtoni yeye akiwa mtoto, ndo akili yake ikageuka ikaanza kuona vitu visivyo vya kawaida. Sasa anauliza, ni kweli? Mtu asiye na jeraha kubwa namna hiyo, wala si wa vituko kama yule mchoraji wa Hispania, Salvador Dalí, anaweza kufika? Magritte ilimchukua miaka mingapi? Na je, yeye aache kazi ya mabango?

Dada yangu, nakujibu kwa urefu maana hili la mama naulizwa kila mwaka darasani, na kila mwaka naumia nikiona vijana wanaondoka na hadithi ya mtoni peke yake kama vile picha zilijichora zenyewe. Kwa kifupi: hapana, msiba haukumpa umaarufu, na vituko hakuwa navyo, alikuwa mtu wa suti na tai anayechora kwenye chumba cha kulia chakula. Na miaka, kuanzia mkataba wake wa kwanza na galeri mpaka New York wamfanyie maonyesho makubwa ya kazi zake zote, ni miaka 39. Sasa kaa nikueleze vizuri.

Tuanze na huo mto wenyewe. Magritte alizaliwa tarehe 21 Novemba 1898 Lessines, mji mdogo upande wa Ubelgiji unaoongea Kifaransa, baba yake Léopold alikuwa fundi cherehani na mfanyabiashara wa nguo, mama yake Régina alikuwa mshona kofia kabla hajaolewa. Yule mama alikuwa na huzuni nzito, na alishajaribu kujiua kabla. Usiku mmoja wa Februari 1912, familia ikiwa inaishi Châtelet, akatoka nyumbani akajitupa mto Sambre, mwili ukapatikana zaidi ya wiki mbili baadaye. René alikuwa na miaka 13. Hadithi inayozunguka ni kwamba mwili ulipotolewa gauni la kulalia lilikuwa limepanda likafunika uso, na mtoto alikuwa amesimama pale anatazama, eti ndo maana mwaka 1928 akachora ile picha ya Wapenzi, mwanaume na mwanamke wanabusiana huku vichwa vyao vyote viwili vimefungwa kitambaa cheupe. Ni hadithi inayoshika moyo, nakubali. Lakini David Sylvester, aliyefanya utafiti wa miaka mingi juu ya maisha ya Magritte kuliko karibu mtu yeyote, aliitilia shaka, hakukuwa na ushahidi kwamba mtoto alikuwepo mwili ulipopatikana na huenda hayo ya gauni alisimuliwa tu baadaye. Magritte mwenyewe alikuwa anachukia watu wanaofungua picha zake kwa ufunguo wa saikolojia, na habari za mama yake alizizungumza kwa nadra sana.

Simaanishi kifo kile hakikumgusa, mtoto wa miaka 13 akimpoteza mama yake kwa namna ile habaki vilevile. Ninachokataa ni ule mkato wa kuruka kutoka mtoni 1912 moja kwa moja mpaka umaarufu, maana katikati hapo kuna miaka ya kazi ambayo haisimuliwi kwa kuwa haina machozi, na wewe ndo hiyo unayoihitaji.

Aliingia chuo cha sanaa Brussels mwaka 1916, akaenda jeshini kidogo, na Juni 1922 akamuoa Georgette Berger. Huyu Georgette walikutana mara ya kwanza 1913 kwenye bembea za maonyesho ya mji Charleroi wakiwa bado watoto, vita kuu ikawatawanya, alafu 1920 wakagongana tena kwenye bustani ya mimea Brussels, na hawakuachana mpaka kifo. Sasa umeshaoa, unakula nini? Akaajiriwa kwenye kiwanda cha karatasi za kupamba ukuta, siku nzima anachora maua na mistari inayojirudia. Alipotoka hapo akawa anafanya matangazo kwa kujitegemea, mabango, majalada ya nota za muziki, katalogi ya duka la makoti ya manyoya. Kwa hiyo dada, mtu unayemuuliza alikuwa fundi wa matangazo kama wewe. Alikuwa haipendi ile kazi, lakini iliingia mkononi mwake na haikutoka tena. Ukitazama picha zake kubwa utaona, rangi imelala bapa, kingo ni safi, kitu kimewekwa katikati ili hata mtu anayepita haraka akione, hiyo ni adabu ya mtu wa mabango. Masurealisti wengine, kundi lake nitakalokueleza hapo chini, walikuwa wanamwaga rangi na kuacha mkono uende wenyewe, yeye tofaa lake ni tofaa mpaka unataka kuling'ata.

Kitu kilichomgeuza ni picha tena si hata picha yenyewe, ni nakala iliyochapishwa. Mwanzoni mwa miaka ya 20 alikuwa anafuata mitindo ya Paris, anakata vitu vipande vipande kama kila kijana wa wakati ule, ndipo rafiki akamwonyesha nakala ya kazi ya Giorgio de Chirico inayoitwa Wimbo wa Mapenzi, ya mwaka 1914. Kichwa cha sanamu ya Kigiriki kimetundikwa ukutani, pembeni yake glavu ya mpira imepigiliwa msumari, chini mpira wa kijani. Basi. Magritte alisema machozi yalimtoka. Alichokiona pale ni kwamba huhitaji kuharibu umbo la kitu ili kiwe cha ajabu, chora kila kitu sawasawa kama kilivyo, alafu kiweke mahali ambapo hakikutegemewa. Mwaka 1924 huko Paris André Breton akatoa tamko lake la usurealisti, kundi la watu waliotaka ndoto na yale yaliyofichika chini ya akili yapewe uzito sawa na ya mchana, na Brussels nako wakaanza kundi lao, Magritte akiwa na washairi kina Paul Nougé, E.L.T. Mesens na baadaye Louis Scutenaire. Shika hilo jina la Mesens, linarudi.

Mwaka 1926, akiwa na miaka 27, akapata mkataba na galeri ya Le Centaure hapo Brussels, wanamlipa, yeye anachora, na alichora kama mtu aliyefunguliwa kamba. Mwaka 1927 wakamfanyia maonyesho yake ya kwanza peke yake, kazi 61. Wahakiki hawakuzipenda. Akafunga mizigo na Georgette wakahamia Le Perreux-sur-Marne, kitongoji cha Paris, ili awe karibu na kina Breton.

Pale pembeni mwa Paris, mwaka 1929, ndo akachora kile kiko maarufu cha kuvutia tumbaku. Naomba ukitazame polepole. Kitambaa hakifiki hata mita moja kwa upana, ni kama sentimita 60 kwa 81. Kiko cha kahawia kimeelea, hakijalala mezani, hakina mkono unaokishika, kina mng'ao mweupe kwenye tumbo lake kama vile kimetoka kupigwa polishi, mpini wake mweusi umepinda vizuri. Kimechorwa vilevile kama kingechorwa kwenye katalogi ya duka, na hiyo ni makusudi. Chini yake kuna maandishi ya Kifaransa, mwandiko wa kuunganisha herufi, nadhifu, kama wa mwalimu wa darasa la pili ubaoni, yanasema hiki si kiko. Watu walikasirika, na jibu lake lilikuwa jepesi kabisa, mtu anaweza kukijaza tumbaku? Hawezi, basi angeandika kwamba ni kiko angekuwa anadanganya. Sisi tungesema picha ya sangara huiweki kikaangoni. Inaonekana ni utani wa mtoto, lakini ukikaa nayo unagundua umeishi miaka yote unaita picha kwa jina la kitu, unaonyesha picha ukutani unasema huyu ni marehemu babu, na babu hayupo pale. Mwanafalsafa Michel Foucault alikuja kukiandikia kiko hiki mwaka 1968. Saivi kipo Los Angeles, ila mwaka ule kilipochorwa hakikumpa mchoraji hata kodi ya nyumba.

Alafu mambo yakaharibika kwa pamoja. Desemba 1929 walikuwa wamealikwa kwa masurealisti, Georgette amevaa mkufu wenye msalaba, Breton akaukemea ule msalaba mbele za watu na Georgette alitakiwa auvue. Magritte akamchukua mkewe wakaondoka, na urafiki na Breton ukapoa kwa miaka. Nampenda kwa hilo, nasema wazi. Umesafiri mpaka Paris kutafuta mlango, mwenye ufunguo anamdhalilisha mke wako, na wewe unanyanyuka. Wakati huohuo ule mdororo wa uchumi wa dunia ukaipiga galeri ya Le Centaure, mkataba ukafa, na galeri ilipofilisika picha zake zikabaki kwenye stoo nyingi ajabu. Aliyezinunua ni Mesens, yule mshairi rafiki yake, alichukua mzigo mkubwa ili zisitawanyike kwa bei ya kutupa. Ndo maana nilikwambia ulishike jina. Bila rafiki mmoja mwenye kupata hela kidogo na imani nyingi sijui ni ngapi kati ya hizo tungekuwa tunaziona leo.

Mwaka 1930 wakarudi Brussels wakapanga chini kwenye nyumba namba 135 mtaa wa Esseghem, Jette, wakakaa pale miaka 24. Nyuma, kwenye uwanja, yeye na mdogo wake Paul walikuwa na kibanda cha kufanyia matangazo wakakiita Studio Dongo. Picha zake alikuwa anazichorea kwenye chumba cha kulia, amevaa suti, bila kuchafua zulia, Georgette yupo jikoni na mbwa wao yupo miguuni. Karibu nusu ya kazi zake zote zilitoka kwenye nyumba hiyo. Sasa hivi ni makumbusho madogo, na ukiingia utashtuka kwa kuwa utadhani ulishawahi kufika. Sehemu ya moto ya sebuleni unaijua kwenye picha. Dirisha unalijua. Ngazi unazijua. Hakwenda mbali kutafuta ajabu, aliitoa kwenye vitu alivyovipita kila asubuhi akienda kuweka maji ya kahawa. Fikiria daladala yako yenye samaki, hiyo siti umeikalia mwenyewe, ndo maana picha yako ina nguvu, nimeiona ulivyoituma.

Hapo Jette ndo alipotengeneza njia yake ya kufanya kazi, na hii ningependa uijue vizuri kwa kuwa watu wanadhani alikuwa anaota tu. Alisimulia kwamba usiku mmoja aliamka kwenye chumba chenye kizimba cha ndege, na kwa kosa la macho akaona ndani yake hakuna ndege, kuna yai. Akashtuka, alafu akajiuliza kwa nini nimeshtuka wakati yai na kizimba si wageni kwa kila mmoja? Mpaka hapo masurealisti walikuwa wanagonganisha vitu visivyohusiana kabisa, yeye akagundua kwamba vitu vyenye undugu wa siri vinashtua zaidi. Kuanzia hapo akawa anachukua kila kitu kama hesabu ya kutafutiwa jibu, tena jibu moja lililo sahihi. Dirisha je? Mwaka 1933 akaweka mbele ya dirisha stendi yenye picha ya mandhari ileile iliyo nje, ikakaa sawasawa mpaka hujui picha inaishia wapi na mti wa kweli unaanzia wapi. Mlango? Akauchora umefungwa lakini una tundu kubwa limekatwa katikati yake, umefungwa na umefunguka kwa wakati mmoja. Viatu? Mwaka 1935 akachora buti mbili ambazo zikifika mbele zinakuwa vidole vya miguu ya mtu, ngozi ya ng'ombe inageuka ngozi ya binadamu, na tazama tu jinsi zilivyosimama kwenye changarawe hazina mwenyewe. Alikuwa anakaa na hesabu moja muda mrefu, anachora michoro midogo mingi. Majina ya picha mara nyingi waliyatoa marafiki waliokuja kumtembelea, wanakaa, wanatazama, wanapendekeza mpaka lipatikane linalokataa kuielezea picha.

Dunia ya nje ilianza kumsikia taratibu. Mwaka 1936 galeri ya Julien Levy ikamwonyesha New York, ni mwaka uleule ambao Dalí, mdogo kwake kwa miaka mitano na ushee, alivaa nguo ya mzamiaji London kwenye maonyesho ya masurealisti akakaribia kukosa pumzi mle ndani, na Desemba sura yake ikatoka jalada la jarida la Time. Kwa hiyo ndiyo, vituko vinawahi kufika, sitakudanganya. Dalí alikuwa fundi mkubwa na kelele zake zilikuwa kazi ya pili aliyoifanya kwa bidii, ila si kila mtu anaiweza na Magritte hakuijaribu.

Yeye alimpata Edward James, Mwingereza tajiri aliyependa masurealisti, akamwita London mwanzoni mwa 1937 amchoree picha kubwa tatu za ukumbi wake. Mwaka uliofuata akachora ile iliyokuja kuwa ya James, gari moshi linatoka ndani ya sehemu ya moto ya sebuleni, juu kuna saa na vinara viwili visivyo na mishumaa, na treni inapuliza moshi unaopanda vizuri kwenye dohani kama inavyotakiwa. Jina lake la Kifaransa maana yake ni muda uliochomwa kisu, na Magritte hakufurahia jinsi lilivyotafsiriwa kwa Kiingereza maana kisu kilipotea, kwa Kiswahili naona kinabaki. Alitaka James aitundike chini ya ngazi ili treni iwachome wageni wakielekea ukumbini. James akaitundika juu ya sehemu ya moto. Sasa ipo Chicago.

Vita ya pili nitaipita haraka. Mei 1940 alikimbilia Carcassonne kusini mwa Ufaransa akarudi baada ya miezi mitatu, hela hakuna, na rafiki yake Marcel Mariën alikuja kudai miaka mingi baadaye kwamba wakati ule Magritte alichora Picasso na de Chirico feki wakaziuza ili waishi. Kuanzia 1943 alibadilisha mtindo kabisa, rangi za jua na brashi laini kama ya Renoir, mchoraji wa Ufaransa, alisema wakati wa giza anataka kuchora furaha. Karibu hakuna aliyezipenda. Mwaka 1948, akiwa na miaka 49, ndo Paris wakampa maonyesho yake ya kwanza peke yake, na yeye akiwa na hasira na mji ule akachora ndani ya wiki chache picha za kuudhi kwa makusudi kabisa, rangi zinapiga kelele, mtu ana viko vimeota usoni. Hakuuza hata moja. Akamwandikia Scutenaire kwamba angependa kuendelea hivyohivyo lakini Georgette anapenda uchoraji uliotulia wa zamani, kwa hiyo atarudi huko. Akarudi.

Naomba uitazame hiyo tarehe tena. 1948, miaka 22 baada ya mkataba wa kwanza, na mtu anarudi nyumbani kutoka Paris bila kuuza kitu.

Kilichobadilisha maisha yake ni mtu mwingine tena, Alexander Iolas, Mgiriki mzaliwa wa Alexandria aliyewahi kuwa mcheza dansi ya balei, akafungua biashara ya picha New York. Iolas alimwonyesha kule kuanzia 1947 na hakumwacha. Alikuwa anamwandikia barua anamwambia waziwazi, hizi za rangi za jua hapana, zile za siri na ukimya leta, hii wameipenda nifanyie nyingine. Wengine wanamlaumu kwamba alimfanya Magritte awe kiwanda. Mimi nadhani ukweli una pande mbili, kuna kazi za miaka ile zimechoka unaona kabisa ni oda, lakini pia kurudia kulimpa nafasi ya kuichimba hesabu moja mpaka chini.

Chukua Himaya ya Mwanga. Alianza nayo 1949. Nyumba imezungukwa na miti, ni usiku, taa ya mtaani inawaka, dirisha moja au mawili yana mwanga wa manjano, chini kwenye baadhi yake kuna maji yanayorudisha ile taa. Nyanyua macho juu ya miti. Ni saa sita mchana, anga la bluu na mawingu meupe. Hakuna mpaka, hakuna mstari, usiku na mchana vimekaa pamoja kama majirani wanaosalimiana. Ukiiona mara ya kwanza unaweza kukaa dakika nzima bila kujua kinachokusumbua ni nini. Mwaka 1954 akaipeleka moja maonyesho ya Venice, na kumbe wateja kadhaa kila mmoja aliamini ni yake, Peggy Guggenheim ndo akaondoka nayo, ikabidi Magritte arudi nyumbani akachore nyingine za kuwatuliza waliokosa. Jumla alifanya 17 za rangi ya mafuta na nyingine za rangi ya maji, na hakuna mbili zinazofanana, mara miti inapanda, mara nyumba inasogea.

Mwaka huohuo wa 1954 Brussels wakamfanyia maonyesho makubwa, aliyeyaandaa ni Mesens yuleyule, na New York galeri ya Sidney Janis ikaonyesha zile picha zake za maneno. Wasanii vijana wa Marekani kina Jasper Johns na Robert Rauschenberg walizitazama wakazinunua, kwa kuwa na wao walikuwa wanajiuliza bendera iliyochorwa ni bendera au picha. Matajiri wa Houston, familia ya de Menil, wakawa wanakusanya, na ile ya wanaume wenye kofia wananyesha kama mvua juu ya paa, ya 1953, ipo kwao mpaka leo. Watu wa matangazo nao wakaanza kumwiga kila kona, nadhani ulitegemea hilo, mtu aliyejifunza kwa matangazo matangazo yakamrudia. Mwishoni mwa maisha alichora ndege aliyejaa mawingu kwa shirika la Sabena, lile ambalo wazee wa Kinshasa na Bujumbura wanalikumbuka. Na tufaha la kijani la nembo ya kampuni ya Beatles lilitokana na picha yake ambayo Paul McCartney aliikuta nyumbani kwake ameachiwa na muuza picha Robert Fraser.

Desemba 1965 makumbusho ya sanaa ya kisasa ya New York, MoMA, ikafungua maonyesho yake ya maisha yote. Ana miaka 67, na ndo safari yake ya kwanza kabisa Marekani. Miezi 20 baadaye, tarehe 15 Agosti 1967, akafa nyumbani kwake Brussels kwa kansa ya kongosho. Novemba 2024 moja ya zile Himaya ya Mwanga, ya 1954, iliuzwa mnadani New York zaidi ya dola milioni 121, hela ambayo yeye wala Georgette hawakuiona na wala sitaki uipigie hesabu.

Sasa kuhusu kazi ya mabango. Usiiache. Sisemi hivyo kwa sababu ya kodi peke yake, ingawa kodi ni kodi. Nasema kwa sababu nimeona herufi zako kwenye ile picha ya duka la dawa, zimekaa vizuri kuliko samaki wako, na samaki wako wangefaidika ukiwachora kwa mkono uleule unaoandika DAWA BARIDI, bila kuwatilia ukungu ili waonekane wa ndotoni. Sangara awe sangara kweli, magamba yake, jicho lake la sokoni, na siti iwe na ule mpasuko wa sponji tunaoujua sote. Na mtafute Mesens wako, mtu mmoja tu anayezitunza na kuzionyesha, usikae nazo uvunguni. Miaka 36 Magritte alikuwa ndo kwanza anachora zile buti zenye vidole, na matangazo ya watu yanamngoja kibandani.

Alipofariki kulikuwa na kazi kwenye stendi haijaisha, Himaya ya Mwanga nyingine.